Programu dhibiti haiondoki kompyuta ikishawaka

Watu wengi hudhani kazi ya programu dhibiti, ile iliyochomwa kwenye chipu ya ubao mama, huisha pale nembo ya mtengenezaji inapotoweka kwenye skrini na Windows au Linux ikaanza. Sivyo. Kwenye kompyuta zinazofuata kiwango cha UEFI, ambazo ndizo nyingi sokoni leo, sehemu ya programu hiyo hubaki ndani ya RAM mpaka mashine izimwe. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inapotaka kubadilisha mpangilio wa kuwasha au kuandaa toleo jipya la programu dhibiti, huiita. Kuiita ni kurukia ndani ya msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, ambao chanzo chake mara nyingi hakionekani, nao ukaendeshwa kwa mamlaka yaleyale ya kerneli. Kwa hiyo swali la msimbo huo ukae kwenye anwani zipi, na uone nini, kwangu ni suala la usalama kabla halijawa suala la ufundi.

Kazi huanzia kwenye ramani ya kumbukumbu. Kerneli, au kipakizi chake, huita GetMemoryMap na kupewa orodha ya maeneo. Kila mstari hutaja aina ya eneo, anwani halisi linapoanzia, idadi ya kurasa za KB 4 na sifa zake. Ukiongeza efi=debug kwenye mstari wa amri wa Linux, utaisoma orodha yote kwenye dmesg. Maeneo mengine ni huru. Mengine ni ya huduma za kuwasha, ambazo kisheria hufa mara kerneli inapokabidhiwa mashine. Mengine yana alama kwenye biti ya 63 ya sifa: hayo ni ya huduma zinazobaki, na kerneli haina ruhusa ya kuyagawa. Mstari mmoja una baiti 40, lakini EDK II, msimbo huria ambao programu dhibiti nyingi zimejengwa juu yake, huripoti ukubwa ulio tofauti na huo kwa makusudi, ili anayehesabu kwa mazoea badala ya kufuata ukubwa aliotajiwa aumbuke mapema.

Makabidhiano yenyewe hufanyika kwa ExitBootServices, na hapo kuna mtego. Ramani huja na namba ya ufunguo, na kerneli lazima iirudishe namba hiyo ikiwa bado ni halali. Ramani ikibadilika hata kidogo baada ya kusomwa, ombi hukataliwa. Sasa, ili kuipokea ramani unahitaji kutenga kumbukumbu, na kutenga kumbukumbu huibadilisha ramani. Linux hutenga nafasi za ziada mapema, husoma, huomba kutoka, na ikikataliwa husoma upya na kuomba mara nyingine.

Sheria ingefuatwa, kumbukumbu ya huduma za kuwasha ingegawiwa programu nyingine papo hapo. Lakini zilionekana mashine ambazo huduma zake zilizobaki ziliendelea kuchungulia kumbukumbu hiyo iliyokwisha kuachiwa. Mwaka 2011 Matthew Garrett alibadilisha Linux ya x86 ili isiyaguse maeneo hayo mwanzoni. Huyaachia baadaye tu, programu dhibiti ikishahamia kwenye anwani zake mpya.

Uhamisho huo ndio kitovu cha matatizo. Programu dhibiti huanza maisha ikitumia anwani halisi, ilhali kerneli hufanya kazi kwa anwani dhahania, ambazo prosesa huzitafsiri kwa kupitia majedwali ya kurasa. Hivyo UEFI ikaweka mwito wa SetVirtualAddressMap: kerneli hutangaza kila eneo litaonekana wapi, na programu dhibiti hurekebisha vielekezi vyake vyote. Mwito huu unakubaliwa mara moja tu kila mashine inapowashwa. Linux ina kexec, njia ya kerneli moja kuanzisha nyingine bila kupitia programu dhibiti, nayo hutumika sana kwenye seva, hasa kuhifadhi ushahidi baada ya kerneli kuanguka. Kerneli ya pili haiwezi kuhamisha tena kilichokwisha hamishwa. Dawa, iliyoongozwa na Borislav Petkov na kuingia Linux 3.14 mwaka 2014, ilikuwa kuyaweka maeneo hayo ndani ya dirisha maalumu la GB 64 karibu na kilele cha anwani, kisha kuipa kerneli inayofuata orodha ya anwani zilizotumika.

Mwaka uliofuata dirisha hilo likaleta balaa lake. UEFI 2.5 iliruhusu msimbo na data za dreva moja, zilizokuwa eneo moja kwenye ramani, zitajwe kama maeneo mawili, ili msimbo usiandikike na data isitekelezeke. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini msimbo huifuata data yake kwa kupima umbali: iko mbele yangu baiti kadhaa. Linux ilikuwa ikiisoma ramani kuanzia mwanzo na kulipanga kila eneo chini ya lililotangulia, hivyo kilichokuwa mbele kikawa nyuma. Msimbo ulinyoosha mkono ukakuta hakuna kitu, na mashine zikaanguka wakati wa kuwaka. Marekebisho yalikuwa kuipitia ramani kuanzia mwisho, ili mpangilio wa asili ubaki. UEFI 2.6 nayo ikaleta jedwali la pembeni linalotaja sifa hizo bila kuipasua ramani.

Hatua ninayoiona kubwa kuliko zote ilifika mwaka 2016, katika Linux 4.6: maeneo ya programu dhibiti yakaondolewa kwenye majedwali ya kurasa ya kawaida ya kerneli ya x86 na kupewa majedwali yao. Prosesa huyapokea kabla tu ya mwito na kuyaacha mara unapokwisha. Muda mwingine wote, mdudu ndani ya kerneli hana anwani ya kuufikia msimbo ule.

Kwa nini basi tuendelee kuhamisha? Binafsi sioni sababu kwenye mashine za biti 64. Nafasi ya anwani ni pana mno, na majedwali hayo maalumu ya kurasa yanaweza kuiacha programu dhibiti palepale ilipozaliwa. Upande wa prosesa za arm64 hoja hii imepimwa vizuri. Baadhi ya laptopu za Snapdragon zilianguka mwito huo ulipofanyika, na mwaka 2019 Linux ikapata chaguo la efi=novamap la kuuruka. Baadaye Ard Biesheuvel akafanya kuuruka kuwe ndio kawaida pale anwani zikiwa za kutosha. Muda si mrefu zikaripotiwa seva za Ampere Altra, ambazo ukiziomba kurekebisha saa bila kuuita mwito huo kwanza, huvurugika. Kwa hiyo leo, kabla ya kuamua, kipande cha Linux kinachoanza kwanza kwenye mashine za arm64 hufungua jedwali la SMBIOS, linaloeleza vifaa vya mashine, kutazama utambulisho wa prosesa iliyomo. Ikiwa ni Altra, huuita. La sivyo, kwa kawaida, huiacha programu dhibiti kwenye anwani zake halisi.