Geti la Chuma na Watoto Wetu

Tunapotaja ajali za nyumbani, mara nyingi mawazo yetu huenda jikoni, kwenye mafuta ya taa na sufuria ya maji ya moto. Leo nataka tutoke nje, twende pale langoni, tuliangalie geti.

Nazungumzia hasa lile geti la chuma la kusukuma, linaloteleza kando ya ukuta juu ya reli. Limeenea sana mijini kwa sababu ploti zetu ni finyu, na geti la kufunguka kama mlango lingekula nafasi ya kuegesha gari. Ni geti zuri. Lakini je, umewahi kujiuliza lina uzito gani?

Hebu tupige hesabu pamoja. Bati zito la chuma la unene wa milimita 1.5 lina uzito wa karibu kilo 12 kwa kila mita moja ya mraba. Geti la urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2 lina mita 8 za mraba. Hizo ni kama kilo 95, yaani zaidi ya gunia la mahindi la kilo 90, na bado hatujahesabu fremu, vyuma vya kukatiza na yale maua ya chuma ambayo fundi ameyachomelea juu kwa urembo. Sasa mfikirie mtoto wa miaka sita akilisukuma geti hilo ili gari la shule liingie.

Tena geti hili haliwezi kusimama lenyewe. Chini lina magurudumu mawili yanayokaa juu ya reli. Magurudumu hayo hubeba uzito, lakini hayawezi kulizuia geti lisianguke upande. Kazi hiyo hufanywa na vigurudumu vidogo vilivyofungwa juu, kwenye nguzo au ukutani, ambavyo hulishika geti huku na huku lisiyumbe. Kisha mwisho wa reli kuna kipande cha chuma kilichochomelewa ili geti lisipite hapo. Mafundi wengi hukiita stopa.

Stopa hiyo ndiyo sababu ya mimi kuzungumza nawe leo. Ikiwa imeng'oka, mtu akilisukuma geti kwa nguvu litapita mwisho wake, litoke katikati ya vile vigurudumu vya juu, na hapo hakuna tena kinacholishika. Litaanguka. Mtu mzima pengine ataruka kando. Mtoto haruki. Mtoto huinua mikono akijaribu kulizuia, kwa maana anajua yeye ndiye aliyelisukuma na anaogopa atagombezwa.

Stopa hung'oka vipi? Mara nyingine ilichomelewa kwa pointi mbili tu, na kila siku geti linaigonga. Mara nyingine kutu imeila, maana pale chini maji ya mvua hutuama. Mara nyingine fundi aliikata ili alitoe geti abadilishe magurudumu, akamaliza kazi, akalipwa, akaenda zake bila kuirudisha. Hata stopa ikiwapo, reli iliyojaa mchanga na vijiwe inaweza kulifanya gurudumu liruke nje.

Kwa hivyo jioni ya leo, watoto wakiwa ndani, tafuta mtu mzima mmoja mkasaidiane. Lifungueni geti polepole hadi mwisho. Je, limesimama kwa sababu limegonga chuma, au ni kwa sababu nyinyi mmeacha kusukuma? Kama ni nyinyi mliolisimamisha, basi stopa hakuna. Rudieni upande wa kufunga vivyo hivyo. Kisha tazameni juu. Vile vigurudumu vyote viko? Nati zimekaza? Geti likiwa limefunguka kabisa, bado limo katikati yavyo? Mkimaliza, chukueni ufagio mfagie reli. Hilo la mwisho halina gharama yoyote.

Mkikuta kasoro, geti hilo lisitumike tena. Lifungeni, mlikaze kwa mnyororo kwenye nguzo, watu wapitie mlango mdogo na gari lilale nje hadi fundi aje. Waya na kamba si matengenezo. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimeishi katika ploti ambayo geti lake lilishikiliwa juu kwa waya kwa miezi mingi, na sote tukawa tunapita chini yake na watoto wetu, kila mmoja akidhani mwenzake ameshamwambia mwenye nyumba. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Wewe mwambie. Huhitaji maneno mengi: "Mzee, kile chuma cha kuzuia geti kimetoka, na geti linaweza kuangukia watoto. Tumelifunga. Tunaomba fundi aje kesho." Kwa fundi wa jua kali mwenye mashine, kuchomelea kipande kimoja cha chuma ni kazi ndogo. Mwenye nyumba akikawia, maoni yangu ni kwamba wapangaji mchange, geti litengenezwe kwanza, habari ya pesa mje kubishana baadaye.

Tukija kwa watoto wenyewe, sheria ni moja: geti ni kazi ya mtu mzima. Mtoto asilifungue, asilifunge, asilipande, asibebwe juu yake likitembea, hata kama anaona raha. Gari linapopiga honi, mtoto angoje mlangoni pa nyumba akiwa ameshikwa mkono, hadi geti litulie na gari lisimame kabisa. Dereva anayerudi nyuma hawezi kumwona mtoto mdogo aliye karibu na gari. Mweleze hayo dada wa nyumbani, na umweleze mlinzi pia, kwani mara nyingi ni yeye anayewaruhusu wasukume ili wamfurahie. Geti la bawaba nalo lina hatari yake: ule upande wa nguzoni hubana vidole vibaya, hasa upepo ukilifunga kwa kishindo.

Na kama kwenu geti au mlango wa gereji unaendeshwa kwa umeme? Hapo kuna jicho la umeme ambalo linapaswa kuona kitu kilicho njiani. Lijaribu kwa boksi tupu la katoni. Weka boksi njiani, bonyeza rimoti. Mlango ukiendelea na kuliponda boksi, uzime na uite fundi. Nchini Marekani, baada ya watoto kufa wakibanwa na milango ya gereji, sheria ilitaka mashine zote za kuendesha milango hiyo zilizotengenezwa kuanzia Januari 1993 ziwe na kifaa cha kuurudisha mlango ukikuta kitu. Hapa kwetu usidhani tu kwamba kifaa hicho kipo na kinafanya kazi, jaribu uone. Rimoti isiwe kitu cha kuchezea. Zile springi kubwa za mlango wa kupanda juu zimevutwa kwa nguvu nyingi, kwa hivyo asizifungue mtu wa nyumbani hata awe hodari namna gani.

Sasa, mama, tuseme ajali imetokea. Piga kelele majirani waje, kwa maana peke yako huwezi. Wengi waliinue geti moja kwa moja kwenda juu, lisiburutwe juu ya mtoto, na asivutwe mkono au mguu lingali juu yake. Likishatoka, usimkimbize begani. Mlaze palipo sawa, kichwa na shingo visitikiswe, funika mwili apate joto, piga 999 au 112. Kama ambulansi haipatikani na ni gari la jirani, abebwe na watu kadhaa akiwa amenyooka, juu ya ubao au mlango kama upo. Usimpe chakula wala maji.

Mtoto aliyeangukiwa na geti apelekwe hospitali hata akisimama na kusema haumwi. Damu inaweza kuvuja tumboni bila kuonekana. Akiwa mweupe midomoni, jasho baridi, tumbo limekaza au mkojo una damu, ni hatari kubwa. Vivyo hivyo akitapika, akisinzia ovyo, akipata degedege, au akitokwa na damu au majimaji puani na masikioni.

Kidole kikibanwa, kioshe kwa maji safi yanayotiririka, kifunge kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu. Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno wala grisi. Kipande kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Nendeni nacho.

Na ukienda, beba kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Wengi wetu tunaamini kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Viini vyake hukaa katika udongo na samadi, na huingia mwilini kupitia jeraha lolote lenye uchafu. Mtoto hukingwa kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na daktari atataka kuona kama alizipata zote, ndipo aamue kama anahitaji sindano nyingine siku hiyo.

Kwa leo naishia hapo. Juma lijalo tutarudi jikoni, tuzungumze kuhusu chai ya moto na mtoto anayejifunza kutambaa.