Matokeo Yarudi kwa Njia Ileile

Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti. Naishi Kanamkemer, mjini Lodwar, na wageni wanaokuja Turkana kuuliza maswali hunitafuta niwatafsirie Kiturkana, niwafikishe Kakuma, niwatambulishe kwa wazee na niwajazie fomu. Zamani mtafiti alianza kwa kutafuta gari na dereva. Siku hizi huanza na namba yangu ya simu, na kabla hajafika hata Kitale ameshaniomba nimfungulie kundi la WhatsApp.

Wengi wakisikia utafiti na mitandao ya kijamii vikitajwa pamoja, humfikiria mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeketi Nairobi akisoma watu wanabishana nini kwenye Twitter. Huku kwetu mambo ni mapana kuliko hayo. Yanagusa mbuzi, nzige, maji, damu ya watu, mifupa ya kale na maisha ya wakimbizi.

Nianze na mbuzi, maana hao ndio ninaowajua tangu utotoni. Mlipuko mkubwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo, ule wa 2006 na 2007, ulianzia hapa Turkana kabla ya kusambaa katika wilaya nyingine za Kenya. Wakati ule habari ya mifugo kufa ilikwenda kwa miguu. Mchungaji alimwambia chifu, chifu akangoja lori linaloelekea Lodwar, na daktari wa mifugo alipopata habari, zizi lilikuwa limeshabaki tupu. Leo mtoa taarifa wa kijiji hupiga picha, hupanda mahali penye mtandao, na mtaalamu aliye Nairobi au Uingereza huiona kabla jua halijazama.

Kuna siku katika kundi letu iliingia picha kutoka upande wa Oropoi, karibu na mpaka wa Uganda. Mbuzi mwekundu amesimama miguu imeachana, makamasi yamemganda puani, macho yanatoka tongo. Mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa kundini akaandika mara moja kwamba hiyo ni sotoka, yaani lomoo kwa jina letu. Baada ya picha ukaja ujumbe wa sauti, mrefu, upepo ukivuma nyuma yake. Kijana alikuwa akieleza kwa Kiturkana kwamba mbuzi wanakohoa na kukoroma, hawaharishi, na mdomoni hawana vidonda. Daktari wa mifugo akauliza, "Mliyemchinja, pafu lilikuwaje? Moja au yote mawili?" Jibu likaja: pafu moja tu, limegandamana na mbavu, na kifuani mlijaa maji ya rangi ya manjano. Wazee waliokuwa karibu na simu walikuwa wameshalitaja jina la ugonjwa kabla ya daktari: loukoi, homa ya mapafu ya mbuzi. Sampuli ilichukuliwa ipelekwe maabara, kama inavyopaswa, kwa sababu picha na sauti haviwezi kushika nafasi ya kipimo. Hata hivyo daktari alishajua aende na dawa gani na aanzie zizi lipi.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu linaonyesha mahali ambapo mitandao inaufaa utafiti kweli. Picha ilimpotosha msomi, na sauti ya wenye mifugo ikamrudisha njiani. Lakini tazama pia nani hakuonekana. Mzee mwenye mbuzi ana mulika mwizi, ile simu ya vibonye isiyoingia WhatsApp. Aliyetuma ujumbe ni mjukuu wake aliyesoma Kakuma. Kwenye daftari la mtafiti kukaandikwa namba ya mjukuu, na maarifa yalikuwa ya babu. Tangu hapo, mtafiti yeyote ninayefanya naye kazi namwomba aandike vitu viwili: aliyetuma ni nani na aliyesema ni nani.

Nzige walitufundisha somo lingine. Waliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, na katikati ya 2020 Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizobaki na makundi makubwa kabisa nchini. Simu zetu zilijaa video za mawingu ya nzige. Shida ni kwamba video ileile ilizunguka ikidaiwa kuwa ya Samburu, ya Lokichar na ya Karamoja kwa siku moja. Wasomaji wengi hawajui kwamba picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa, na kwamba WhatsApp huzifuta taarifa hizo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Kwa mwanasayansi anayetaka kujua nzige wako wapi asubuhi ya leo, picha ya namna hiyo haina msaada mkubwa. Ndiyo maana Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na kikosi cha PlantVillage cha Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, walitengeneza mwaka 2020 programu ya simu iitwayo eLocust3m. Vijana waliofundishwa kuitumia walipiga picha, simu ikashika mahali hata pasipo na mtandao, na taarifa ikaondoka mtandao ulipopatikana. Makundi ya WhatsApp yaliendelea kufanya kazi yake ya kuwaita watu wa kwenda kuhakikisha. Ukitumiwa ombi la picha na mtafiti, itume kama dokumenti: mara nyingi taarifa zile hubaki. Ila kama hutaki ajue ulipo, hilo nalo ulijue.

Hapo ndipo nafika Kakuma, na hapo mambo huwa mazito.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, vijana wa Sudan walipofika wakikimbia vita. Leo, ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa miaka ya 2015 na 2016, wanaishi hapo watu wapatao 300,000: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo. Sidhani kuna watu katika kaunti hii walioulizwa maswali mengi kuliko wao. Wamechunguzwa biashara zao, chakula chao, ndoa zao na usingizi wao. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba soko la Kakuma lilikuwa na thamani ya takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka, na wafanyabiashara wa Lodwar ambao hawakuwahi kuingia kambini wakaanza kuiulizia njia.

Mwishoni mwa Aprili 2020, kwa ajili ya Korona, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka kambi za Kakuma na Dadaab. Tangu hapo simu ikawa ndiyo mlango. Benki ya Dunia na washirika wake walifanya uchunguzi wa athari za Korona kwa kupiga simu, wakimbizi wakiwemo. Wanafunzi wa vyuo wasio na uwezo huo walikimbilia WhatsApp na Facebook. Wengine hawajarudi kwa miguu mpaka leo.

Nawaambia wazi kinachopotea. Mtafiti akianza na Mkongo mmoja kwenye WhatsApp, huyo atamuunganisha na Wakongo wenzake wa kanisa lake. Akianza na Msomali mwenye duka, atapewa wenye maduka. Mwishowe ataandika "wakimbizi wa Kakuma wanasema", na hao wakimbizi ni marafiki wa mtu mmoja, wenye simu janja na pesa za bando. Simu nyingi kambini ni za nyumba nzima. Mama anayejibu maswali juu ya mambo ya nyumbani anajibu mume akiwa ameketi kando, au mwanawe wa kiume hujibu kwa niaba yake. Kwa sauti unaweza kulitambua hilo kidogo. Kwa maandishi huwezi kabisa.

Halafu kuna hatari. Baadhi ya watu hawa wanatafutwa na waliowafukuza kwao. Mama mmoja wa Kalobeyei, mzaliwa wa Kivu, aliniambia, "Ndugu yangu, ile picha mulipiga mbele ya nyumba, musiitume. Mlango wangu wanaujua." Tuliifuta mbele ya macho yake. Wako watafiti wanaoamini kwamba kilichowekwa Facebook ni cha wote, kwa hiyo wanaweza kukinukuu watakavyo. Siwaungi mkono. Ukiyanakili maneno ya mtu neno kwa neno, yeyote anaweza kuyatafuta mtandaoni na kumfikia mwenyewe kwa dakika moja, hata kama jina umelificha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na anayefanya utafiti hapa anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kundi la WhatsApp si njia ya kuukwepa ukaguzi huo.

Wapo wanaofanya vizuri, nao watajwe. Mradi wa Chuo Kikuu cha Oxford unaochunguza uchumi wa wakimbizi, unaoongozwa na Alexander Betts, umekuwa ukiwafundisha wakimbizi na wenyeji wa Kakuma na Kalobeyei kuwa wakusanyaji wa taarifa. Anayeuliza akiwa wa mtaa ule, anajua simu ipi ni ya nani, na anajua lini anyamaze.

Kuhusu Twitter, ambayo sasa inaitwa X, nitasema kwa ufupi. Mwaka 2021 kampuni ile iliwafungulia wasomi hifadhi yake bure, na mwaka 2023 ikaufunga mlango. Agosti 2024 kampuni ya Meta nayo ikafunga CrowdTangle, chombo kilichowasaidia watafiti kufuatilia kilichokuwa kikienea Facebook. Tafiti nyingi zilikwama. Mimi naona Turkana haikupoteza sana hapo, kwa sababu ukisoma Twitter ya Kenya unasoma zaidi Nairobi. Mazungumzo yetu yako kwenye WhatsApp, kwa sauti, kwa Kiturkana, mahali ambapo mgeni haingii bila kukaribishwa.

Kilichotuumiza zaidi ni kasi ya habari njema. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba chini ya ardhi ya Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma, kuna hazina kubwa ya maji, mita za ujazo bilioni 200. Habari ile ilienea kwa simu hata kwa watu wasio na simu. Baadaye visima vya majaribio vilionyesha kwamba maji yale yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa jinsi yalivyo. Marekebisho hayo hayakusafiri. Hadi leo natumiwa ile habari ya kwanza, na wanawake wanaendelea kuchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Anayetangaza ugunduzi mtandaoni anawajibika kutangaza masahihisho yake kwa sauti ileile.

Na mifupa? Wachungaji na wavuvi wetu wana macho makali. Na macho ndiyo yanayohitajika: Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mifupa ya kale, alikuwa akitembea tu Nariokotome mwaka 1984 alipokiona kipande cha fuvu la mtoto aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ukikutana na kitu cha namna hiyo, usiweke Facebook mahali kilipo. Peleka habari kwa Makumbusho ya Taifa au kwa Taasisi ya Bonde la Turkana kule Turkwel.

Nimeacha mwisho jambo linalonichoma. Mtafiti mmoja, wa chuo ambacho sitakitaja, alikusanya jumbe za sauti za akina mama wa Kakuma kuhusu watoto wao waliokonda. Alipomaliza alitoka kundini usiku, na asubuhi tukaona maandishi yale madogo kwamba amejiondoa. Akina mama waliendelea kuniuliza utafiti ule umesema nini, nami sikuwa na la kuwajibu.

Inawezekana kufanya vingine. Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya damu na maisha ya Waturkana, kazi ya wanasayansi wa Kenya na Marekani, akiwemo Sospeter Njeru wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na Julien Ayroles na Amanda Lea. Walionyesha kwamba jeni iitwayo STC1 imewasaidia babu zetu kustahimili ukavu kwa kuufanya mwili ubanie maji figoni, na kwamba urithi huohuo unaweza kutuletea maradhi tukihamia mjini na kubadili chakula. Habari hii inamhusu kila mkazi wa Lodwar anayekunywa soda badala ya maziwa. Watafiti hao walieleza kwamba wanaandaa podikasti kwa Kiturkana ili matokeo yawafikie wenyewe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sauti huhamishwa kutoka simu hadi simu, huingia kwenye memori kadi, na hufika malishoni ambako jarida halifiki.

Kwa hiyo msomaji, ukiingizwa kwenye kundi la utafiti, popote ulipo Afrika Mashariki, uliza leseni iko wapi, sauti yako itahifadhiwa na nani, na matokeo utayasikia lini. Usipojibiwa, toka. Nanyi walimu wa vyuo vyetu, kuanzia chuo chetu hiki cha Turkana hapa Lodwar, msimpitishe mwanafunzi aliyekusanya kwa WhatsApp mpaka awachezee ujumbe wa matokeo aliowarudishia watu wa kundi lile, kwa lugha yao.