Figo zinapojaa vifuko vya maji

Mgeni anayeomba kibali cha kufanya kazi Dubai hupimwa Ukimwi na kifua kikuu. Figo si sehemu ya uchunguzi huo. Hivyo mfanyakazi kutoka Mombasa au Tanga aweza kukaa miaka mingi katika joto la Ghuba akiwa na maradhi aliyoyarithi kwa mzazi wake, asijue lolote.

Maradhi hayo hujaza figo vifuko vya maji. Mara nyingi chanzo ni kasoro katika mojawapo ya jeni mbili: PKD1, iliyotambuliwa mwaka 1994, na PKD2, iliyotambuliwa mwaka 1996. Hiyo ya pili hutengeneza polisistini-2, protini iliyo katika utando wa seli mithili ya mlango, ambayo hupitisha kalsiamu. Protini ya jeni ya kwanza hushirikiana nayo.

Kalsiamu, ambayo wengi twaijua kwa mifupa na meno tu, ndani ya seli hufanya kazi ya tarishi. Mlango ukiharibika ujumbe haufiki sawasawa. Seli huzaliana kupita kiasi na kumwaga maji. Kifuko huanza hivyo, kidogo kidogo, hata figo ikawa kubwa mara kadhaa kuliko kawaida. Shinikizo la damu hupanda mapema, wakati mwenyewe angali anajiona mzima.

Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi. Hapa ndipo watu huchanganya mambo. Tangu Januari 2025 raia wa Emirati wanaotaka kuoana hulazimika kupimwa jeni. Upimaji wa namna hiyo huwafaa hasa wachumba ambao wote wawili wamebeba kasoro ileile iliyojificha, jambo linalotokea zaidi ndugu wanapooana. Maradhi haya hayangoji wazazi wawili, mmoja anatosha.

Dawa ya tolvaptani, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014 na Marekani mwaka 2018, hupunguza kasi ya vifuko kukua, lakini haiviondoi. Ni ghali, tena yaweza kudhuru ini. Altrasaundi na kipimo cha shinikizo la damu ni rahisi zaidi. Aliye ughaibuni ambaye mzazi wake alisafishwa damu kwa mashine, au alifariki ghafla kwa kupasuka mshipa wa ubongo, ana sababu ya kutosha ya kuomba vipimo hivyo, na ya kuwapigia simu ndugu zake nyumbani nao wapimwe.