Je, Wajua? Ahadi ya Mkubwa, Subira ya Mtoto

JE, WAJUA kuwa jaribio maarufu la subira lilifanywa na Walter Mischel katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuanzia miaka ya 1960? Mtoto aliachwa peke yake na kitamutamu: akile sasa hivi, au angoje mtafiti arudi apate viwili. Walioweza kungoja hawakukikodolea macho. Walijifunika uso, wakaimba, wakachezea vidole.

JE, WAJUA kuwa subira hiyo hutegemea pia neno la mkubwa? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Rochester, New York, walianza kwa kuwaahidi watoto vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Baadhi waliletewa. Kwa wengine, mtafiti alirudi mikono mitupu, akaomba radhi: vimekwisha. Ndipo kikaja kitamutamu. Walioona ahadi ikitimizwa walingoja wastani wa dakika 12. Walioahidiwa hewa, dakika 3 tu. Huniuma sana kusikia mtoto akiitwa mlafi kabla hajaulizwa ameambiwa mara ngapi "nitakuletea kesho", na kesho ikapita. Huenda anakumbuka vizuri tu.

JE, WAJUA kuwa zawadi huweza kuua hamu? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti chenye utepe watoto waliokuwa wakipenda kuchora. Baadaye watoto hao walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu.

JE, WAJUA kuwa Martin Seligman na Steven Maier waligeuza kauli yao wenyewe? Mwaka 1967 waliona mbwa walioshtuliwa kwa umeme, bila njia ya kuuzima, baadaye wakiacha hata kukimbia walipoweza. Wakasema mnyama hujifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wakaandika kinyume: mateso yakizidi, kulegea huja kwenyewe, kinachofunzwa ni kuwa unaweza kufanya kitu. Nawaheshimu kwa kujisahihisha.

JE, WAJUA kuwa Bettina Lamm na wenzake walilinganisha, kwa jaribio la kungojea kitamutamu, watoto wa miaka 4 wa Ujerumani na wa Wanso, wakulima wa Kameruni? Huko Kameruni kitamutamu kilikuwa puff-puff, ndugu wa andazi letu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018: karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walingoja dakika 10 nzima, wa Ujerumani asilimia 28. Wajerumani walijinyonganyonga, wakaimba, wakazunguka chumba. Wanso walitulia kitini, na baadhi wakapitiwa na usingizi, puff-puff ikiwa mbele yao.