Programu za Linux Zinakopatikana

Kwenye kompyuta ya Linux, programu haitafutwi kwa kuzurura kwenye tovuti, wala haiombwi kwa rafiki mwenye flashi. Inatoka kwenye hazina, yaani ghala la mtandaoni linalotunzwa na hao hao wanaotoa toleo la Linux lililomo kwenye mashine. Kwa mtu wa Tukuyu aliyezoea kupeleka laptopu steshenari "ikapigwe Windows" na kurudi nayo imejaa programu za kukraki, hapo ndipo penye ugeni wenyewe. Menyu na rangi za madirisha huzoeleka upesi.

Utaratibu huu ulikuzwa na Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu, iliyotoka 2004, imejengwa juu yake, na Linux Mint juu ya Ubuntu. Debian 12, ya Juni 2023, ina vifurushi vya programu zaidi ya 64,000, na havilipiwi. Hazina hutiwa saini ya kidijitali, na kompyuta huikagua saini hiyo kabla ya kupokea chochote, kwa hiyo faili lililochezewa njiani hukataliwa.

Njia nyepesi ya kuanzia ni duka la programu lililomo kwenye menyu. Mgeni huandika kazi anayotaka kufanya, kwa Kiingereza, kwa kuwa maelezo mengi yako kwa lugha hiyo. Akitafuta Word au Photoshop hatazipata. Badala yake kuna LibreOffice, ambayo mara nyingi imeshawekwa tangu mwanzo, na GIMP kwa picha. VLC ya kuchezea video ni ile ile ya Windows. LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, programu ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 na kuiita Jambo OpenOffice.

Njia ya pili ni terminali, dirisha la kuandikia amri. Inatisha kwa kuitazama tu, lakini kwa kazi hii ni rahisi kuliko duka. Amri ya kwanza, kwa Debian na zilizojengwa juu yake, ni sudo apt update, inayosoma upya orodha ya vilivyomo kwenye hazina. Kompyuta itaomba neno la siri, na mara nyingi herufi zinapoandikwa hakuna kinachoonekana, hata nukta. Wengi hapo hudhani kibodi imekufa. Haijafa, mtu aandike tu na kubonyeza Enter. Kisha apt search hutafuta, apt show hueleza, na sudo apt install vlc huweka VLC pamoja na vifurushi vingine inavyovitegemea.

Vifurushi vinavyohitajika vikizidi kile kilichotajwa, apt husimama kwanza. Hutaja ni megabaiti ngapi zitapakuliwa na nafasi itakayoliwa kwenye diski, kisha husubiri jibu: Y kukubali, n kukataa. Kwa mwalimu wa Isongole anayetumia bando la simu, mistari hiyo miwili ndiyo ya kusomwa kuliko yote. Bando likiwa dogo, anabonyeza n na hapotezi kitu zaidi.

Mwenye intaneti nzuri Mbeya mjini anaweza kuwapakulia wa kijijini. Atumie sudo apt-get install --download-only na jina la programu. Mafaili hukaa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, tayari kunakiliwa kwenye flashi. Kuna mtego hapa: kompyuta hupakua kile tu inachokosa yenyewe, hivyo ile ya mjini na ile ya kijijini ziwe na toleo moja la Linux, na ikiwezekana ziwe zimewekwa karibuni. Kijijini, mtu hufungua terminali ndani ya folda yenye mafaili hayo kwenye flashi na kuandika sudo apt install ./*.deb. Mafaili ya namna hii hayakaguliwi saini, kwa hiyo flashi itoke kwa mtu anayeaminika.

Mafaili ya .exe ni ya Windows. Programu iitwayo Wine huyaendesha baadhi, si yote. Flatpak, njia nyingine ya kuweka programu, nayo ina programu mpya mpya, ila ile ya kwanza kuwekwa huweza kuvuta mamia ya megabaiti za ziada, jambo lisilomfaa mtu wa bando. Kuondoa programu ni sudo apt remove na jina lake, na sudo apt autoremove hufagia vifurushi tegemezi visivyohitajika tena.

Kinachobaki ni umeme. Mvua za wilaya ya Rungwe, penye mji wa Tukuyu, huja na radi, na laptopu kuukuu yenye betri iliyochoka huzimika papo hapo umeme ukikatika. Ukikatika wakati wa kupakua, amri hurudiwa tu. Ukikatika wakati kifurushi kinawekwa, apt huweza kugoma kuweka kitu kingine chochote na kutoa ujumbe mrefu wa Kiingereza. Hakuna haja ya kupiga Linux upya. Kwanza iandikwe sudo dpkg --configure -a, inayokamilisha usanidi ulioishia njiani, kisha sudo apt --fix-broken install, inayoleta vifurushi vilivyokosekana.