Kuogelea katika Maji ya Wazi: Kutoka Kyavinyonge hadi Ziwa Kivu

Mashindano ya kuogelea katika maji ya wazi, yaani ziwani, mtoni au baharini badala ya kwenye bwawa lililojengwa, yameenea katika nchi nyingi kwa sababu humpokea mtu wa kawaida, ambaye hushinda kazini mchana na kufanya mazoezi jioni au mwisho wa juma, bila kumdai kasi ya bingwa. Mshiriki wa aina hiyo huitwa mwanamichezo wa ridhaa kwa kuwa halipwi wala hautegemei mchezo kwa riziki yake. Hujiandikisha kwa umbali unaolingana na uwezo wake, kuanzia kilomita 1 au chini ya hapo hadi kilomita 5 au 10, na jambo kubwa kwake ni kufika nchi kavu salama kwa nguvu zake mwenyewe. Mchezo huu ulipata sifa ulimwenguni mwezi wa Agosti 1875, pale Mwingereza Matthew Webb alipovuka mlango wa bahari unaozitenganisha Uingereza na Ufaransa kwa muda wa saa 21 na dakika 45, na mwaka 2008 mbio za kilomita 10 ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing.

Kwa msomaji wa Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini nchini Kongo, maji makubwa yaliyo karibu zaidi ni Ziwa Edward, na kijiji cha wavuvi cha Kyavinyonge, kilichoko ufukweni upande wa kaskazini ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ndicho lango lake linalojulikana sana. Ziwa hilo liko kwenye kimo cha zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 2,200, na sehemu yake kubwa iko Kongo huku iliyobaki ikiwa Uganda. Si mbali na Kyavinyonge ndipo palipo Ishango, mahali ambapo mto Semliki hutoka ziwani kuelekea Ziwa Albert, na ambapo mwaka 1950 mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi, pamoja na vyusa vya mifupa vilivyotumika kuvulia samaki. Watu wa pwani hiyo, basi, wameishi na maji tangu zama ambazo hazina maandishi, na lingekuwa jambo la haki kabisa kama watoto wao wangekuwa miongoni mwa waogeleaji hodari wa bara hili.

Hata hivyo, ukweli unapaswa kusemwa waziwazi: Ziwa Edward, kwa hali yake ya sasa, si mahali pa kuandalia mbio za kuogelea. Kikwazo cha kwanza ni kiboko. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000 na walihesabiwa kuwa kundi kubwa kuliko yote duniani, kisha ujangili na vita vikawapunguza hadi chini ya 1,000 katikati ya miaka ya 2000, na tangu hapo idadi yao imeanza kupanda tena chini ya ulinzi wa askari wa hifadhi. Mnyama huyu hushinda mchana akiwa amejizamisha katika maji ya kina kifupi karibu na ufuko, hutoka usiku kwenda kula majani, na humshambulia yeyote anayemkatia njia yake ya kurudi majini. Kwa hiyo mazoea ya mwogeleaji mwanafunzi, ambaye huona usalama pale miguu inapogusa chini, hapa yanageuka kuwa hatari, kwa maana maji mafupi ndiyo makao ya kiboko. Mamba nao wanaonekana siku hizi katika mfereji wa Kazinga, unaoliunganisha ziwa hili na Ziwa George upande wa Uganda. Zaidi ya wanyama, ipo dhoruba ya ghafla inayoinua mawimbi na kupindua mitumbwi, upo mkondo unaovuta kuelekea pale Semliki unapoanzia, na upo ukosefu wa usalama ambao umewatesa wakazi wa Kivu Kaskazini kwa miaka mingi.

Mashindano halisi yaliyo jirani yanapatikana kusini zaidi, kwenye Ziwa Kivu. Tarehe 14 Agosti 2022 mji wa Rubavu, ulioko Rwanda na unaopakana na Goma, uliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya IRONMAN 70.3 Rwanda, ambayo ni ya triathloni, yaani mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika katikati. Humo mshiriki huogelea kilomita 1.9, huendesha baiskeli kilomita 90 na kumalizia kwa kukimbia kilomita 21.1. Pwani ya Rubavu haijulikani kuwa na viboko wala mamba, na maji ya juu ya Ziwa Kivu hubaki karibu na nyuzi joto 23 au 24 kwa sehemu kubwa ya mwaka, hali inayomfaa mtu anayejitahidi kwa muda mrefu. Gesi za methani na kaboni dioksidi zilizoyeyuka humo, ambazo zimelipa ziwa hilo jina la kutisha, zimefungwa katika vilindi na hazimdhuru anayeogelea juu. Kinachopaswa kuogopwa ni mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde na vishimo vya pwani ya kaskazini, ambayo imewahi kuwaua watu na mifugo bila harufu ya kuwatahadharisha. Ziwa hilo liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kiasi cha kumchosha mgeni aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam, lakini mkazi wa Butembo, mji ulio juu zaidi ya hapo, huja na mapafu yaliyokwisha kuzoea, na hiyo si faida ndogo.

Kuogelea ziwani kunatofautiana na kuogelea bwawani hasa kwa sababu hakuna mstari chini wa kufuatwa wala ukuta wa kushika. Mwogeleaji anayelaza uso majini huona giza la kijani tu, na asipojirekebisha hupinda njia bila kujua, akajikuta ameogelea umbali mrefu kuliko uliopimwa. Kwa sababu hiyo hufundishwa kunyanyua kichwa kila baada ya mapigo kadhaa ya mkono, kiasi cha macho tu kupita juu ya maji, akatazama boya kubwa la rangi kali au alama ya nchi kavu kama mnara au mti mrefu, kisha akageuza uso upande kuvuta pumzi bila kuvunja mwendo. Anayenyanyua kichwa kupita kiasi huzamisha kiuno na miguu, na hapo hulipa kwa uchovu. Pumzi ndiyo kiini cha kazi yote. Wengi wanaoshindwa hushindwa katika dakika za kwanza, pale msongamano wa miili, maji yanayorushwa usoni na hofu vinapowafanya wazuie hewa kifuani badala ya kuitoa yote majini, na dawa yake ni kuanza taratibu, pembeni mwa kundi, na kujua kugeuka chali na kuelea hadi moyo utulie. Kanuni za triathloni zinamruhusu mshiriki kushika boya au mtumbwi wa waokoaji apumzike, ilimradi asivutwe kwenda mbele, na ruhusa hiyo haina aibu yoyote.

Uzito wa mchezo huu kwa hakika uko kwa waandaaji. Tarehe 23 Oktoba 2010, Mmarekani Fran Crippen, mwogeleaji wa kiwango cha kimataifa, alifariki katika mbio za kilomita 10 huko Fujairah, katika Falme za Kiarabu, maji yakiwa ya joto kali, na kutoweka kwake kuligunduliwa baada ya wenzake kufika na kumkosa. Kanuni za kimataifa sasa zinakataza mbio kuanza maji yakizidi nyuzi joto 31 au yakiwa chini ya 16, na kuhesabu watu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka kumekuwa sharti lisilo na mjadala. Ikiwa bingwa anaweza kuzama bila kuonekana, mtu wa ridhaa hana kinga yoyote isipokuwa mitumbwi ya kutosha kando ya njia, kofia ya rangi inayoonekana kwa mbali, na macho ya mtu aliyepewa kazi ya kumtazama yeye. Kwa maziwa ya ukanda huu huongezwa tahadhari ya kichocho, ugonjwa wa minyoo inayotoka kwa konokono wa maji na kupenya ngozi, ambao hukaa zaidi penye magugu na maji yaliyotuama. Aliyeogelea mahali pa namna hiyo afike kituo cha afya apimwe, kwani dawa yake, praziquantel, inafahamika na inaponya.

Swali linalobaki ni faida ambayo kijiji kama Kyavinyonge kingepata kutoka kwa mchezo ambao hakiwezi kuuandaa leo. Katika maziwa ya Afrika Mashariki na Kati wako wavuvi wengi ambao hawakufundishwa kuogelea na ambao huenda majini usiku bila jaketi la kuokoa maisha, na abiria wako katika hali hiyo hiyo, kama ilivyodhihirika tarehe 3 Oktoba 2024 wakati chombo kilichotoka Minova kilipozama kwenye Ziwa Kivu kikikaribia bandari ya Kituku mjini Goma. Huko Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umeonyesha kwamba watoto wa wavuvi, wasichana wakiwemo, wanaweza kufundishwa kuogelea na kuokoana kwa vifaa vichache, wakivaa mavazi yanayokubaliwa na wazazi wao. Bwawa dogo lililochimbwa mbali na njia za viboko, mwalimu mmoja anayejua kuokoa, na saa chache kila juma kwa shule za Kyavinyonge vingetosha kuanza, na vyama vya wavuvi pamoja na uongozi wa hifadhi ndio wenye uwezo wa kuchagua mahali panapofaa. Kwa upande wake, anayetaka kujiandikisha Rubavu au kwingineko kwa mara ya kwanza ahakikishe kwanza kwamba anaweza kuogelea umbali wote wa mbio bila kusimama, na kuelea chali kwa dakika kumi mbele ya mtu anayeweza kumwokoa.