Kimeng'enya: Kutoka Beseni la Mowlem hadi Ziwa Bogoria

Katika mtaa wa Mowlem, mashariki mwa jiji la Nairobi, mfuaji hutia sabuni ya unga katika beseni, akaloweka nguo na kuketi kando. Yeye hupumzika, lakini kazi huendelea majini, kwani sabuni nyingi za aina hiyo zina vimeng'enya. Makala haya yanadhamiria kueleza vimeng'enya ni nini, asili yake ni wapi, na ni nani anayenufaika navyo.

Neno kimeng'enya linatokana na kitenzi meng'enya, hivyo msikilizaji hulihusisha na tumbo. Maana yake katika sayansi ni pana zaidi: ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kwisha. Kila kimeng'enya kina kazi yake. Protiasi huvunja madoa ya damu na maziwa, amilasi huvunja madoa ya uji, nayo selulasi hulainisha nyuzi za pamba. Viwanda huvipata kwa kukuza vijiumbe katika matangi. Kwa kuwa huwezesha kufua hata kwa maji baridi na hupunguza matumizi ya kemikali kali, vimeng'enya ni mhimili wa uchumi unaotegemea viumbe hai badala ya mafuta ya petroli.

Hata hivyo, maji ya sabuni yana ukali wa magadi unaoharibu protini nyingi. Kwa sababu hiyo watafiti walielekea kwenye maji ya magadi yenyewe, likiwemo Ziwa Bogoria huko Baringo, lenye chemchemi za moto. Mwaka wa 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilidai mgawo wa faida kutoka kwa kampuni ya Genencor ya Marekani, kwa hoja kwamba kimeng'enya chake cha kupausha jinzi kilitokana na vijiumbe vya maziwa ya Kenya vilivyochukuliwa bila idhini yake. Mwaka wa 2007, KWS ilitia saini mkataba wa kugawana faida na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Itifaki ya Nagoya ya 2010 iliimarisha kanuni hiyo kimataifa.

Swali la mwenye mali, hata hivyo, halikuishia hapo. Waendorois, walioondolewa kando ya ziwa hilo katika miaka ya 1970, walipata uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliotangazwa mwaka wa 2010, ukipendekeza warejeshewe ardhi na walipwe mrabaha.

Kwa hiyo, jukumu la wanaisimu haliishii katika kuunda istilahi. Neno kimeng'enya limo kamusini tayari. Lililobaki ni kulifikisha Bogoria na Mowlem, ili wahusika waweze kuidai haki yao kwa lugha wanayoielewa.